Hasara Niliyoamua Kubaki Nayo

Kompyuta ya nyumbani kwetu ina umri mkubwa kuliko mwanangu wa mwisho. Ni Dell OptiPlex 7010, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 2012. Ilitumika kwanza katika ofisi fulani huko Ulaya, kisha ikaletwa Dar es Salaam pamoja na nyingine nyingi za mtumba. Niliinunua Kariakoo kwa fedha nilizopata kwa kushona kanzu za Idi. Kwa kazi tulizokuwa nazo wakati ule, yaani kuandika barua, kusikiliza mawaidha na watoto kujisomea, ilitutosha, nasi tukamshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema hiyo.

Mambo yalibadilika binti yangu mkubwa alipoingia chuoni kusomea ubunifu wa majengo. Mwaka wa kwanza alichora kwa penseli na rula. Mwaka wa pili walimu wakataka nyumba iliyochorwa ionekane kwenye kioo cha kompyuta kana kwamba mtu anaizunguka kwa miguu yake: kuta, madirisha, hata kivuli cha jua la alasiri. Kazi hiyo iliishinda mashine yetu. Akigeuza mchoro kidogo tu, kioo kinaganda, feni inavuma, naye anakaa mikono mapajani akisubiri.

Ikawa hana budi kubaki chuoni hadi ipatikane zamu ya kutumia kompyuta za huko. Mara nyingi Magharibi ilimkuta njiani, na Isha ikaadhiniwa mama yake akiwa amesimama mlangoni. Wazazi wenzangu mnaifahamu hofu hiyo. Sina haja ya kuieleza.

Usiku mmoja baada ya chakula akaniambia, "Baba, hatuhitaji kununua kompyuta nyingine. Tukiongeza kadi ya grafiki tu, kazi zangu nitazifanya hapa hapa nyumbani."

Nakiri kwamba neno hilo nililipokea vibaya. Kwa ufahamu wangu wa siku zile, kadi za grafiki zilikuwa vitu vya vijana wanaocheza magemu usiku kucha hadi Alfajiri ikawapita. Nikamwambia kwamba israfu huanza hivyo hivyo, kidogo kidogo, kwa jina la masomo. Hakubishana nami. Alichukua karatasi na kalamu, akakaa kitako mbele yangu, akaanza kunieleza.

Alisema prosesa ya mashine yetu, Intel Core i5-3470, bado inafaa kwa kazi nyingi. Udhaifu wake uko katika ile sehemu ndogo ndani yake inayochora picha, ambayo haina hata kumbukumbu yake yenyewe, bali huazima kutoka kumbukumbu ya mashine nzima. Kadi ya grafiki huja na prosesa yake, iliyoundwa kufanya hesabu ndogo ndogo nyingi kwa wakati mmoja, na huja na kumbukumbu yake na feni yake. Mimi ni fundi cherehani, nikaelewa kwa lugha ya kazi yangu: fundi mmoja anayekata, kushona, kutia vifungo na kupiga pasi hawezi kwenda sawa na duka ambalo vifungo vina mtu wake.

Kisha akanieleza mpaka tusioweza kuuvuka. Kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta yetu kina uwezo wa wati 275 tu, na hakina waya wa ziada kwa ajili ya kadi kubwa. Ile nafasi inayopokea kadi kwenye ubao mkuu hutoa wati 75, wala si zaidi. Kwa hiyo kadi yetu ilipasa iwe ile inayotosheka na hizo. Alinitajia mbili. Ya kwanza ni GeForce GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, yenye kumbukumbu ya GB 4, ambayo hula wati 75. Ya pili ni GeForce GT 1030 ya mwaka 2017, dhaifu zaidi lakini ya bei nafuu, ambayo hula wati 30 tu. Chini ya karatasi akaandika kwa herufi kubwa: ISIWE NA PLAGI YA UMEME.

Nikaiona hoja yake. Kuitupa mashine nzima iliyo hai kwa sababu ya kiungo kimoja kilichochoka ndiko kungekuwa israfu. Nikamwahidi.

Siku niliyokwenda Kariakoo sikumchukua binti yangu. Karatasi yake ilikuwa mfukoni, lakini nilitaka kumwonyesha kwamba baba bado anajua kununua. Kadi ya GTX 1050 Ti iliyotumika nilikuwa nimekwisha kutajiwa shilingi 250,000 katika maduka mawili. Duka la tatu nikatajiwa 180,000, nayo imo ndani ya boksi. Muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu, akanipa kiti na maji ya kunywa. Nilipoitazama kadi niliona ina tundu la plagi ya umeme, jambo ambalo karatasi ilikuwa imenikataza. Nikamuuliza. Akanijibu, "Mzee wangu, hiyo ndiyo yenye nguvu zaidi. Waya wake nakupa bure." Akaichomeka kwenye mashine ya dukani kwake, jina likatokea kama lilivyoandikwa kwenye boksi. Nikalipa. Nikatoka pale nikijiona mtu aliyeokoa shilingi 70,000.

Binti yangu alipoliona lile tundu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Tuijaribu, Baba." Tulitumia ule waya wa bure, unaochukua umeme kutoka kwenye plagi ya diski. Mashine ikawaka, jina likaonekana, nyumba ile ya kwenye mchoro ikazunguka bila kuganda. Mama yake akaja kutazama, akasema maashallah. Kwa muda wa robo saa nilikuwa baba mwenye furaha.

Kisha binti akaiamuru mashine itoe picha kamili yenye kivuli na mwanga. Feni ya kadi ikapanda sauti, na ghafla kioo kikawa cheusi. Umeme haukukatika, taa ya sebuleni ilikuwa inawaka. Tukawasha tena, ikazimika tena pale pale. Mara ya tatu nikaushika ule waya wa bure, nikaukuta wa moto. Tukauchomoa, tukaifunga mashine, kila mtu akaenda kulala bila maneno mengi.

Kesho yake binti yangu alifanya jambo ambalo mimi nilipaswa kulifanya dukani. Aliweka katika kompyuta programu ndogo isiyolipiwa iitwayo GPU-Z, inayosoma habari za kadi kutoka ndani yake. Tangu mwaka 2018 programu hiyo imekuwa na uwezo wa kutambua baadhi ya kadi za bandia. Akaiwasha mashine bila kuipa mzigo. Mbele ya jina la kadi yetu likatokea neno la Kiingereza lenye maana ya "bandia". Kiini halisi cha kadi ile kilikuwa cha GeForce GTS 450, kadi iliyotoka mwaka 2010.

Nieleze hila yenyewe, kwa sababu inamhusu kila anayenunua. Kila kadi ya grafiki hubeba ndani yake programu fupi ambayo, pamoja na mengine, huitambulisha kwa kompyuta. Wadanganyifu huchukua kadi kuukuu, huifuta programu hiyo na kuandika nyingine yenye jina la kadi mpya. Kompyuta huamini inachoambiwa. Kadi halisi ya GTX 1050 Ti ina viini vidogo vya hesabu 768. GTS 450 ina 192 tu, nayo hula hadi wati 106. Ndiyo maana ilihitaji plagi, na ndiyo maana mashine yetu ilizimika kila ilipotakiwa kufanya kazi ya kweli. Hata macho matupu yangetosha kunitahadharisha. Kadi yangu ilikuwa na tundu la VGA, lile la zamani lenye vitundu kumi na tano ambalo mara nyingi huwa la buluu, na kadi za kizazi cha GTX 1050 Ti zilikwisha kuachana na njia hiyo.

Nilirudi dukani. Kijana alinipokea kwa adabu ile ile, akasema, "Mzee, hapa iliwaka mbele ya macho yako." Risiti sikuwa nayo, kwa kuwa sikuidai. Nilisimama pale mpaka adhana ya Adhuhuri, nikaondoka na kadi yangu. Shilingi 180,000 ni ufundi wa kanzu kumi na mbili. Njia nzima nilikuwa nikizihesabu.

Ndugu msomaji, mpaka hapa nimekueleza jinsi nilivyodanganywa. Lililonifanya niandike makala haya ni linalofuata.

Katika mtaa wetu yuko kijana aliyewahi kujifunza kushona kwangu. Siku hizi ameajiriwa kwenye duka la kutoa fotokopi, na alikuwa akijikusanyia fedha ili aanze kazi ya kuhariri video za harusi. Siku ya nne baada ya mkasa wetu akaja nyumbani. "Shikamoo, mzee. Nimesikia mna kadi ya grafiki hamuitumii. Mimi nina 150,000." Kompyuta yake alikuwa ameiunga mwenyewe, na kigawa umeme chake ni kikubwa. Nikamwambia arudi kesho baada ya Isha.

Usiku ule nilijitengenezea hoja nyingi. Kwanza, kwake kadi ingewaka. Pili, mimi sikuifanya bandia, niliipata hivyo. Tatu, bei yake ilikuwa chini ya ile niliyolipa, kwa hiyo hata mimi ningebaki na hasara. Nikaandaa na maneno ya kumwambia: "Kadi hii imetushinda kwa sababu mashine yetu ina umeme mdogo." Kila neno katika maneno hayo lilikuwa na chembe ya ukweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Nilijua hivyo nilipokuwa nikiyapanga.

Binti yangu alikuja kuchukua vyombo vya chai. Akaniuliza swali moja tu: "Baba, utamwambia?"

Sikumjibu. Alisubiri kidogo, akachukua vikombe, akaondoka.

Yako mafundisho ambayo mtu huyasikia tangu chuoni mpaka huyazoea, hata yasimguse tena. Katika Sahihi Muslim imepokewa kwa Abu Hurayra kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakutana na unyevu. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua iliyonyesha. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuuweka unyevu ule juu ili watu wauone, kisha akamtenga na umma wake mwenye kughushi. Kisa hiki nimekisikia mara nyingi katika darsa, na kila mara nilijiona kuwa ninasimama upande wa mnunuzi. Usiku ule nilijikuta upande wa pili. Mvua haikuwa kosa la yule mtu. Kosa lake lilikuwa kuliacha juu lile kavu.

Nikakumbuka pia kazi yangu. Mteja akiniletea kitambaa chenye kasoro humwonyesha kabla ya kukitia mkasi. Nikiuza kitambaa changu mwenyewe chenye alama ya kufifia, hukikunjua penye mwanga. Kwa miaka yote hiyo nilijihesabu mwaminifu, kwa sababu hasara ya kitambaa ni ndogo na uaminifu wake ni rahisi. Hapa nilikuwa nimepimwa kwa kanzu kumi na mbili.

Kijana alikuja baada ya Isha kama tulivyoagana, fedha zake zikiwa zimekunjwa ndani ya bahasha. Nilimweka kitini, nikamwita binti yangu, tukamwonyesha kadi na tukamweleza yote: jina la uongo, kiini cha mwaka 2010, waya uliopata moto. Aliigeuza mikononi kwa muda mrefu. Kisha akasema taratibu, "Mzee, ningeichukua tu. Wala nisingejua."

Sikuwa na la kumjibu. Hilo ndilo nililokuwa nalitegemea usiku uliotangulia.

Aliondoka na bahasha yake. Binti yangu hakunisifu, wala sikutarajia anisifu. Alikwenda kutia maji kwenye birika. Lakini tangu siku ile karatasi zake huzisoma pamoja nami kabla sijatoka kwenda kununua kitu, nami humchukua.

Sitaki kukudanganya kwamba mlango wa riziki ulifunguka siku ya pili yake. Miezi mitatu ilipita kabla hatujapata fedha nyingine. Katika miezi hiyo binti aliendelea kubaki chuoni, nami kila jioni nikafunga duka mapema nikaenda kumngojea kituo cha daladala ili turudi pamoja. Kosa langu la siku moja nimelilipa kwa miguu yangu, na pengine ni haki.

Mara ya pili tulikwenda Kariakoo wawili, tukatafuta ile ndogo, GT 1030. Hapo pia nilijifunza jambo. Ziko kadi mbili halisi zenye jina hilo hilo. Ile ya mwaka 2017 ina kumbukumbu ya aina ya GDDR5, inayopitisha data kiasi cha GB 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 ikatoka nyingine yenye kumbukumbu ya DDR4, inayopitisha kama GB 17 tu. Si bandia, lakini asiyeuliza anaweza kulipia moja akapewa nyingine. Binti aliuliza, muuzaji akatuonyesha maandishi kwenye boksi, na akakubali kutuandikia kwenye risiti kwamba tunayo siku tatu za kuijaribu nyumbani.

Siku tatu hizo si jambo geni katika dini yetu. Wanazuoni wa fiqhi wameieleza hiari ya sharti, yaani muuzaji na mnunuzi kukubaliana muda ambao biashara inaweza kuvunjwa, na katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, muda huo hauzidi siku tatu. Wameieleza pia hiari ya aibu: mnunuzi akigundua kasoro aliyofichwa, ana haki ya kuirudisha bidhaa. Tunayo haki hii, lakini wengi wetu tunaona haya kuitaja dukani, kana kwamba kuuliza ni kumtuhumu mtu. Muuzaji mkweli haoni vibaya kuulizwa.

Kuiweka kadi kulituchukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Tulichomoa umeme, tukagusa bodi ya chuma ya mashine ili umeme uliotuama mwilini usiidhuru kadi, tukafungua kifuniko, tukaisukuma kadi katika nafasi yake mpaka ikashika, tukakaza skrubu moja. Kisha GPU-Z ikasoma jina lake bila onyo lolote. Kadi hii si ya maajabu. Picha kubwa binti huiachia mashine usiku, akaikuta tayari baada ya Alfajiri. Lakini nyumba zake zinazunguka kwenye kioo bila kuganda, na Magharibi inamkuta akiwa ndani, anatandika miswala pamoja na wadogo zake. Hicho ndicho tulichokuwa tukikitafuta tangu mwanzo.

Ile kadi ya bandia ningali ninayo. Iko ndani ya mtoto wa meza ya cherehani. Mke wangu aliniuliza kwa nini siitupi. Nilimweleza kwamba wako watu wanaookota vitu jalalani na kuviuza, nayo ingerudi sokoni na jina lake lile lile. Nikiiweka bila alama, siku nikifa warithi wangu watasoma jina hilo na kuiuza kwa nia safi, na ule udanganyifu niliouzuia kwa kijana mmoja utampata mwingine. Kwa hiyo nimeiandika kwa kalamu ya wino mzito, mbele na nyuma: BANDIA, ISIUZWE.

Mwenyezi Mungu atuonyeshe aibu za bidhaa zetu kabla hazijawafikia wengine, na aibariki mikono ya watoto wetu katika kutafuta elimu. Amin.